Miaka 15 kwa stima na bado umeambiwa urudi: mpimaji anaangalia nini?

Tangu tuanze hii kampeni ya kuita mafundi waje wapimwe ujuzi waliopata kazini, ile watu wameizoea kama RPL (Recognition of Prior Learning), malalamiko kwa dawati letu hapa Industrial Area, Nairobi, yameongezeka na mengi yanafanana. Fundi wa stima amefanya kazi miaka 15, amewaya ploti nzima nzima Pipeline na Umoja, anakuja anapimwa, anapewa grade ya chini kuliko ile alitarajia ama anaambiwa arudi, halafu kijana wa miaka 24 aliyekuwa nyuma yake kwa laini anapita. Basi simu zinaanza. Ati tumekula hongo. Mmoja alinitumia methali, kuishi kwingi ni kuona mengi. Sawa fundi, lakini ulikuwa unaangalia?

Niseme mapema kwamba kesi ya mtu binafsi siwezi kujadili hapa, rufaa ina njia yake.

Kila mtu huanza kwa kanuni. Taa waya ya 1.5 (huo ni unene, milimita za mraba), soketi 2.5, kuka ama instanti shawa unaenda 6, kahawia ni laivu, yaani fezi, ile inaleta stima, bluu ni nyutro, ile inarudisha, kijani na manjano ni ya ardhini. Hakuna aibu hapo. Ndugu wawili wa chuo kikuu cha California pale Berkeley, Stuart na Hubert Dreyfus, mwaka wa 1980 waliandika kuhusu hii safari wakaigawa hatua tano, kuanzia yule anashika kanuni tu mpaka yule anaona tatizo lote kwa mara moja bila kuzihesabu kichwani, na 1984 mtaalamu wa uuguzi Patricia Benner akazionyesha hatua hizo hizo kwa manesi. Hizo hatua hatuziulizi kwa mtihani, kwa hivyo tafadhali usije ukaniambia uko ya nne.

Sasa chukua hiyo kanuni ya bluu. Ingia jengo la zamani, hizi za River Road zilizowayiwa kitambo na hazijaguswa, ukute fezi tatu za mtindo wa zamani: nyekundu, manjano na bluu, nyutro ikiwa nyeusi. Mtindo wa sasa umegeuza, bluu ndio nyutro na nyeusi ni fezi. Kijana aliyekariri "bluu ni nyutro" anaishika kwa mkono, kumbe hapo ni fezi. Aliyekomaa hata kabla ya kufungua boksi ameangalia umri wa jengo, ameangalia ile swichi kubwa ni ya enzi gani, halafu anapima kila waya ikiwemo ile "anajua". Kwa mtihani tunaweka kitu kama hicho makusudi na wengi wenye miaka mingi huangukia hapo, juu wameshazoea kuamini rangi.

Ama unaitwa nyumba ambayo taa zinawaka kali mpaka balbu zinapasuka. Anayeanza anabadilisha balbu. Mwenye uzoefu anauliza kwanza, kwa jirani ziko aje? Akisikia kwa jirani zimefifia, anazima swichi kubwa hapo hapo na kuambia watu wachomoe friji, kwa sababu nyutro ya jengo imeachia na ile volti 240 yako inaweza kupanda kuelekea 415. Hafanyi hesabu, ameshawahi kuiona. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa anasimama mlangoni ananusa kabla ya kugusa chochote, na sisi vijana tulikuwa tunamcheka, mpaka siku alisema hapa kuna harufu ya omena na hakuna mtu anapika omena. Nyuma ya kabati soketi ilikuwa imeanza kuyeyuka. Plastiki za stima zikipata moto mara nyingi hutoa harufu ya samaki, lakini hiyo nilikuja kuelewa baadaye, siku hiyo nilidhani ni uchawi.

Sasa mbona miaka 15 haikumfundisha mtu hivyo? Hapa ndio watu hawataki kusikia. Anayeuza chapati akikosea anajua dakika hiyo hiyo, mteja anarudisha. Fundi wa stima akiacha jointi imelegea, taa inawaka tu, analipwa, anaenda ploti ingine, na ile jointi inakaa miezi ikipata moto kidogo kidogo, siku ikiungua landlodi anaita fundi mwingine. Kosa halimrudii mwenyewe. Mwaka wa 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein, wanasaikolojia ambao kwa kawaida walikuwa hawakubaliani, waliandika pamoja kwamba ile hisia ya mtaalamu ni ya kuaminika pale tu kazi ina mpangilio unaojirudia na mtu anapata majibu ya alichofanya. Stima ina mpangilio, majibu ndio hayakufikii. Na wale wa "mimi nimepitisha masaa 10,000", wakiamini ukifikisha hayo basi wewe ni mtaalamu, hiyo namba ilitoka kwa utafiti wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wa 1993 kwa wapiga fidla kule Berlin, ilikuwa wastani wa kundi moja, na Ericsson mwenyewe alilalamika watu walivyoigeuza sheria.

Bila kutaja mtu, vijana wengi wanaotushangaza wamekuwa chini ya fundi wa kurekebisha. Kila siku wanafungua makosa ya wengine.

Sasa taratibu. Kuja na kitambulisho chenyewe na kopi yake, overoli, buti na ushahidi wa kazi, tutaongea kwanza halafu vitendo. Ukitumwa kurudi unaambiwa sehemu gani, rudi kwa hiyo sehemu. Rufaa ni kwa maandishi kwa kituo ulichopimiwa, sio kwa WhatsApp yangu. Cheti cha grade si leseni, leseni ya fundi wa stima ni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kusimamia nishati na petroli, na inaombwa kivyake. Cheti cha kununua usijaribu: kughushi chini ya Penal Code ya Kenya, sura ya 63, kifungu cha 349, ni jela hadi miaka mitatu, na kifungu cha 353 kinamshika aliyetumia hicho cheti kama vile alikighushi mwenyewe, hata kama "kuna mtu alinisaidia". Kutuma ndugu yako apimwe badala yako pia ni kosa, na ndio, tumeshawahi kuwapata. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza vyeti zaidi ya 2,000 vya kughushi serikalini, kwa hivyo usifikirie hakuna anayeangalia.

Kuhusu picha za ushahidi, wengi mnaleta soketi imefungwa safi na ukuta umepakwa rangi. Soketi zote zikifungwa zinafanana. Piga kabla hujafunga, na kama uliwahi kurudi kazi yako ya zamani ukakuta kitu umekosea ukarekebisha, leta na hiyo.