RAW sio picha kali, tena bado hata sio picha

Wapiga picha wenzangu wa Dar, kuna hii kauli naisikia kila wikiendi kwenye maharusi, eti "piga RAW picha itoke kali". Hapana jamani. RAW ni faili ghafi la kamera, yaani vipimo tu vya mwanga vilivyosomwa na sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga), na kwenye kamera nyingi kila kidoti cha sensa kinapima rangi moja tu, nyekundu au kijani au bluu, kwa ule mpangilio aliobuni Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ilitoka 1976. Rangi mbili zilizobaki programu ndo inazikadiria baadaye. Ndo maana unafungua faili kwenye kompyuta unaona rangi zimepauka unadhani kamera mbovu, kumbe uliyoiona kwenye kioo cha kamera ilikuwa JPEG, yaani faili la picha la kawaida, ambalo kamera imeshalipika.

Faida yake ni nafasi ya kurekebisha, na hii ni kubwa kweli. JPEG ina ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi, RAW ya biti 14 (biti zikiongezeka na ngazi zinaongezeka) ina 16,384, kwa hiyo bibi harusi umempiga Coco Beach saa nane mchana uso umeingia kivuli, unaweza kuuvuta ukarudi bila kuchafuka sana. Ila shela likishaungua kwa mwanga likawa jeupe pee, pale hamna data, hamna cha kurudisha, na fokasi uliyokosea imekosewa hivyohivyo.

Mteja mtolee JPEG, simu yake pengine haitafungua RAW.