Rezonansi inafanyaje bondi zilingane urefu?

Ukitembea ufukweni huku Mwanza utakutana na magamba meupe ya konokono, yale watu wanasaga wanachanganya kwenye chakula cha kuku. Gamba lile kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati, na hiyo kabonati ndo mfano mzuri kuliko yote wa rezonansi, yaani pale mchoro mmoja wa bondi (kishikizo cha elektroni kati ya atomu mbili) hautoshi kuonesha molekuli ilivyo.

Ukiichora kwenye daftari unaweka kaboni katikati na oksijeni tatu pembeni, moja ina dabo bondi (jozi mbili za elektroni), mbili zina singo (jozi moja). Sasa dabo huwa fupi, kaboni na oksijeni zikiwa na dabo zinakaa kama pikomita 121 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita), zikiwa na singo kama 143, kwa hiyo kwa mchoro ule ungetegemea bondi moja fupi na mbili ndefu si ndio? Ukipima, zote tatu zinalingana, kama pikomita 129.

Yaani mchoro ndo una shida, molekuli iko sawa kabisa. Ile jozi ya elektroni ya ziada haijakaa kwa oksijeni mmoja, imetandazwa sehemu zote tatu, kila bondi inapata theluthi, inakuwa bondi moja na theluthi. Elektroni zikiongezeka katikati ya atomu mbili zinazivuta zikaribiane, ndo maana bondi inakuwa fupi kuliko singo ila haifiki ufupi wa dabo.

Na hapa naomba tuelewane maana wengi tunakosea: dabo unaweza kuichora kwa oksijeni yoyote kati ya zile tatu, unapata michoro mitatu, lakini kabonati HAIRUKIRUKI kutoka mchoro mmoja kwenda mwingine. Chai ya maziwa haiwi chai ya rangi sasa hivi halafu baada ya muda ikawa maziwa, ni chai ya maziwa muda wote. Michoro mitatu ni ya kwetu sisi, kwa sababu kalamu haiwezi kuchora theluthi ya bondi.

Ozoni hivyohivyo, bondi zake zote mbili ni kama 128, wakati oksijeni ya kawaida tunayovuta ni 121 na singo ya oksijeni kwa oksijeni ni kama 147. Benzini nayo (ya kemia, sio petroli) kaboni zake sita zimeachana 139 au 140 hivi pande zote, singo ya kaboni ni 154 na dabo 134. Mwanasayansi Kathleen Lonsdale mwaka 1929 alitumia eksirei kwenye kristali ya heksamethilibenzini (benzini iliyobeba vikundi sita vya methili) akaonesha pete ya zile kaboni sita ni bapa na pande zake zinalingana. Ila usichukue 154 na 134 ukagawa kwa mbili, utapata 144 na utakosa, urefu haupungui kwa mstari ulionyooka.

Tena sio lazima bondi zilingane. Kwenye protini ya sangara kuna kaboni imeshikana na naitrojeni, ungesema ni singo ya 147 lakini ni kama 133, kwa sababu naitrojeni inachangia elektroni zake pale, na kaboni na oksijeni ya jirani inarefuka kidogo. Michoro yake haina uzito sawa, basi kila bondi inaegemea ule mchoro wenye nguvu zaidi, na ile ya naitrojeni inakuwa ngumu kuzunguka, mnyororo wa protini unabaki bapa hapo.