Kwa nini gari moja la umeme hujazwa hadi 100, na jingine huishia 80?

Wenye magari ya umeme wakikutana, ubishi huu hauchelewi kuzuka. Mmoja aliambiwa asipitishe asilimia 80 kwa mizunguko ya kila siku. Mwenzake aliambiwa ajaze mpaka 100, angalau mara moja kwa wiki. Wote wako sahihi. Magari yote mawili yana betri za lithiamu, ila lithiamu hiyo imechanganywa na vitu tofauti.

Ya kwanza ni NMC: nikeli, manganizi na kobalti, ile kobalti ambayo sehemu kubwa ya dunia huipata Kongo, huko Kolwezi na maeneo jirani, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni. Kwa kila kilo inabeba umeme mwingi, kwa hiyo hupendwa kwa safari ndefu. Lakini ikijaa pomoni, kila seli, yaani kila betri ndogo iliyo ndani yake, hufika volti 4.2 hivi, na lithiamu nyingi huwa imetoka upande wenye nikeli. Kinachobaki pale hulegea, nyufa ndogo huingia, betri huzeeka mapema. Kuishia 80 ni kuipumzisha.

Ya pili ni LFP, yenye chuma na fosfeti, bila kobalti hata chembe. Fosfeti huishikilia oksijeni kwa nguvu, hivyo betri hii haishiki moto kirahisi, tena huchajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Taabu yake ni kujua umebaki umeme kiasi gani. Volti ya kila seli hukaa karibu na 3.2 kwa muda mrefu, kisha huporomoka. Ni kama mtungi wa gesi jikoni: moto unawaka vilevile kila siku, halafu unazimika maharage hayajaiva. Kompyuta ya gari inabaki kukisia, na makosa yanajilimbikiza. Betri ikijaa kabisa, hesabu inaanza upya; ndiyo sababu ya ile 100 ya kila wiki.

LFP ni nzito zaidi kwa umeme uleule, na baridi kali huidhoofisha. Kwa anayeishi Mombasa au Dar es Salaam baridi si hoja, na mimi ningechukua hiyo bila kusita.

Usitegemee jina la gari. Tesla Model 3, kwa mfano, imeuzwa na betri za aina zote mbili. Fungua kitabu cha gari utafute herufi hizo tatu, na kabla ya kununua la mtumba, muulize muuzaji.