Simu Imeamka na Sura Ngeni: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Agosti 2025 watu wengi wenye simu za Android walipigiwa simu wakakuta skrini wasiyoijua. Vitufe vimenenepa, maandishi yamehama, na aliyezoea kusukuma kidole kwenda juu ili kupokea akatakiwa akitelezeshe pembeni. Hakuna aliyebonyeza kitu, hakuna ujumbe uliomwomba ruhusa. Maelezo yakaanza kusambaa, mengine ya hovyo kabisa, na hayohayo hurudi kila simu inapobadilika sura.

"Simu imedukuliwa"

Haikudukuliwa. Kilichobadilika ni programu moja tu, ile ya kupigia simu ya Google, ambayo huja ndani ya simu za kampuni nyingi. Husasishwa kupitia Play Store kama inavyosasishwa WhatsApp, na sura mpya inaweza kuwa imeshaingia ndani ya simu kimyakimya, ikisubiri Google waiwashe kutoka kwenye seva zao. Ndiyo maana watu wawili wa nyumba moja, simu aina moja, mmoja anaamka na sura mpya na mwenzake bado ana ya zamani. Mwizi anayewinda pesa zako za kwenye simu hana sababu ya kukurembea vitufe. Yeye anaomba Mungu usigundue chochote.

Kwa hiyo kabla ya kuhangaika, jiulize ni kitu gani hasa kimebadilika. Kuna mfumo wenyewe, Android au iOS ya iPhone. Juu ya Android kuna vazi la kampuni: HiOS kwa Tecno, XOS kwa Infinix, One UI kwa Samsung. Kuna skrini ya mwanzo yenye aikoni zako, halafu programu moja moja. Kila kimoja kina namna yake ya kurudishwa, na kingine hakirudi.

Hiyo programu ya kupigia simu inarudi. Shikilia aikoni yake, ingia kwenye maelezo ya programu, gusa vidoti vitatu vya juu, kisha "Uninstall updates". Itakuwa kama ilivyotoka kiwandani, na majina yako hayapotei kwa sababu hayakai ndani yake. Baada ya hapo nenda Play Store kwenye ukurasa wake, uondoe tiki ya "Enable auto update", la sivyo kesho itakuwa palepale. Ila mimi ningeanza na jambo dogo zaidi. Ndani ya mipangilio ya programu hiyohiyo kuna "Incoming call gesture", na hapo unachagua: kutelezesha kidole pembeni, au kugusa mara moja. Muuza samaki mwenye mikono iliyolowa atafurahia kugusa, ingawa simu ikiwa mfukoni kitufe cha kuguswa mara moja kinaweza kupokea chenyewe. Kwa wengi hapo ndipo ugomvi wote unapoishia, kwa sababu kilichowakera haikuwa rangi, ni kushindwa kupokea simu.

"Foromati, au mpe fundi aiflashi"

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kuforomati kunafuta vitu vyako, hakurudishi mfumo wa zamani. Simu iliyoshapanda hadi Android 15, ukiiforomati itaamka na Android 15 ileile. Picha za harusi zimekwenda, sura unayoichukia ipo. Programu zilizokuja na simu zitarudi kweli kwenye toleo la kiwandani, lakini ukiunganisha intaneti tu Play Store inazipandisha tena.

Kuflashi ni kuweka mfumo mwingine kabisa, na ni kweli kwamba kwa baadhi ya simu fundi wa Kariakoo au wa Luthuli jijini Nairobi anaweza kukurudisha toleo la nyuma. Lakini simu nyingi za sasa zimewekewa kinga. Samsung, kwa mfano, huweka namba maalumu ndani ya simu. Ikishapanda, mfumo wenye namba ya chini unakataliwa. iPhone ni ngumu zaidi: kila toleo linalowekwa lazima lipate saini ya Apple wakati uleule wa kuliweka, na Apple huacha kusaini toleo la zamani muda si mrefu baada ya jipya kutoka. Fundi awe na mashine gani, saini hiyo hana. Akikuhakikishia kuwa anaweza, mkubaliane kwanza nani atalipa simu ikifa mezani kwake.

"Weka lancha, kila kitu kitakuwa kama zamani"

Lancha ni programu unayoipakua ili kubadilisha skrini ya mwanzo na aikoni, basi. Pazia la taarifa unalolishusha kutoka juu hailigusi, wala mipangilio, wala skrini ya kupokelea simu. Waliokerwa na One UI 7 ya Samsung mwaka 2025, iliyotenganisha taarifa na vitufe vya haraka, walipakua lancha bila faida. Dawa ilikuwa humohumo: shusha vitufe vya haraka kutoka kona ya juu kulia, gusa alama ya penseli, ingia "Panel settings", chagua "Together".

"Usiapdeti tena maisha yako yote"

Nawaelewa wanaosema hivi. Tatizo ni kwamba urembo na kinga mara nyingi husafiri katika kifurushi kimoja. Tangu 2015 Google hutoa karibu kila mwezi orodha ya mianya ya usalama ya Android iliyozibwa, na ukifunga mlango wa masasisho yote unabaki na mianya hiyo. Zima sasisho la programu moja inayokuudhi, usizime la mfumo mzima.

Kusubiri, hata hivyo, si ujinga. iOS 26 ilipotoka Septemba 15, 2025, siku hiyohiyo Apple walitoa pia iOS 18.7 yenye marekebisho ya usalama, kwa hiyo mtu aliweza kubaki na sura ya zamani bila kujiweka uchi. Aliyesubiri hadi Novemba alikuta iOS 26.1 ikiwa na swichi ambayo waliotangulia hawakuwa nayo.

"Mipangilio ya ufikivu ni ya walemavu"

Swichi yenyewe ilihusu Liquid Glass, ile sura ya kioo ambayo Apple waliitangaza Juni 2025: vitufe na vibao vinapitisha mwanga, picha ya nyuma inaonekana kupitia maandishi. Katika 26.1 unaingia "Display & Brightness", kisha "Liquid Glass", unachagua "Tinted" na kioo kinapata ukungu. Isipotosha, kuna "Accessibility", yaani ufikivu, halafu "Display & Text Size", na humo "Reduce Transparency" na "Increase Contrast". Wengi hawafiki huko kwa kudhani ni kwa wasioona vizuri. Miongozo ya kimataifa ya tovuti inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na kilicho nyuma yake kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1, na hilo ni gumu kulitimiza pale kilicho nyuma kinapobadilika kila unaposogeza kidole. Toka nje saa saba mchana na jua la Dodoma uone ni nani mwenye macho mazuri.

Na kabla ya yote, badilisha picha ya skrini. Picha iliyotulia, yenye rangi moja nzito, inapunguza nusu ya fujo za kioo. Kwenye simu nyingi za Android, tangu toleo la 12, rangi za vitufe huchotwa kwenye picha hiyo. Kama simu yako imegeuka zambarau, mlaumu aliyeweka ua la zambarau.

"Sura mpya inakula chaji"

Siku za mwanzo, ndiyo: baada ya sasisho kubwa simu hufanya kazi nyingi chinichini. Ipe siku chache kabla ya kuhukumu betri.

"Wanaolalamika ni wazee, na kampuni hazisikii"

Mwaka 2013 iOS 7 ilikuja na skrini zinazovutwa mbele na nyuma kila unapofungua programu, na watu, vijana wakiwamo, wakapata kizunguzungu na kichefuchefu. Oktoba mwaka huohuo, toleo la 7.0.3 likawaruhusu kuzima mivuto hiyo. Mwaka 2021 Apple walishusha sehemu ya anwani ya Safari, kivinjari cha iPhone, hadi chini ya skrini. Kelele za waliolijaribu toleo hilo kabla halijatoka zikafanya toleo lililotoka liwe na chaguo la kuirudisha juu. Microsoft waliondoa kitufe cha Start katika Windows 8 mwaka 2012, wakakirudisha mwaka uliofuata.

Snapchat ni upande wa pili. Mwaka 2018 watu zaidi ya milioni moja walitia saini kuomba sura ya zamani irudi yote. Haikurudi. Miezi michache baadaye kampuni ilihamisha baadhi ya vitu tu. Ukiandika maoni ndani ya programu, "rudisheni ya zamani" haimsaidii msanifu hata kidogo. "Siwezi kupokea simu kwa mkono mmoja nikiwa nimeshika kikapu" ana la kufanya nalo.