Transfoma Inakula Wati Ngapi? Vipimo Viwili Vinavyotoa Jibu

Transfoma kamilifu ingetoa kila wati iliyoingia. Ya kweli hula kidogo njiani, na kidogo hicho hakikamatiki kwa njia inayomjia mtu kwanza, yaani kufunga mita pande zote mbili kisha kutoa. Chukua ya kVA 10 (yaani volti mara ampea hufika 10,000), volti 400 kwa 200, inayopoteza wati 280 kwa mzigo kamili. Mita mbili zenye kosa la asilimia 1 kila moja zinaweza kukudanganya kwa wati 200 hivi! Ndiyo maana upotevu hupimwa wenyewe, bila mzigo.

Kwanza, sakiti wazi. Pelekea volti 200 kamili koili ya volti ndogo. Ile nyingine isiunganishwe na chochote (vituo vyake vina volti 400, vifunike). Tuseme mita zinasoma ampea 1.5 na wati 80. Wati hizo zinaliwa na kiini cha chuma, kwa kugeuzwageuzwa usumaku na kwa mikondo inayozunguka ndani ya mabati yake. Lakini 200 mara 1.5 ni 300, hivyo pawafakta (sehemu ya volti mara ampea inayokuwa wati halisi) ni 0.27 tu, na hapo mita ya wati ya kawaida haiaminiki. Tafuta iliyotengenezwa kwa pawafakta ndogo.

Kisha shoti. Unganisha ncha za koili ya volti ndogo kwa kipande cha shaba kinene, kifupi, kilichokazwa barabara. Waya mwembamba hula wati zake na kuzitia kwenye hesabu yako. Kosa hili ni la kawaida mno. Upande wa volti 400 anzia sifuri kwa variaki (kifaa cha kupandisha volti kidogo kidogo), panda taratibu hadi ampea 25, mkondo wa mzigo kamili upande huo (10,000 kwa 400). Ukiwasha volti zote kwa mkupuo, koili itaungua. Ampea 25 zikifika kwenye volti 16 na wati 200, karibu wati zote ni za shaba ya koili: kwa asilimia 4 ya volti zake, chuma hakili hata nusu wati. Soma upesi, maana shaba ikipata moto ukinzani hupanda. Andika na joto la koili, ili hesabu irekebishwe hadi nyuzi 75.

Zile 80 hazibadiliki usiku na mchana. 200 hufuata mraba wa mzigo. Kwa nusu mzigo shaba hula 50 tu. Kwa mzigo wa pawafakta 1, ufanisi ni asilimia 97.5 kwa nusu mzigo na 97.3 kwa mzigo kamili; kilele kiko penye asilimia 63 ya mzigo, pale shaba na chuma vinapokula sawa. Kwa transfoma inayolala usiku kucha bila mzigo, namba ya kuuliza kwanza ni ile 80.