Kurudi nyuma kwa draiva ya michoro: maana yake na namna ya kuzuia hali hiyo

Draiva ya michoro ni programu inayopokea maombi ya mchezo au kivinjari na kuyageuza kuwa amri ambazo kadi ya michoro inazielewa. Draiva husemwa imerudi nyuma pale badiliko jipya linapoharibu kilichokuwa kikifanya kazi. Toleo la jana lilichora vivuli vizuri, la leo linaacha madoa meusi, na aliyeandika badiliko hakugusa vivuli kabisa.

Draiva hizi ziko hatarini kuliko programu nyingi. Msimbo mmoja huhudumia vizazi kadhaa vya kadi, na ndani yake mna kompaila nzima ya kutafsiri sheda, yaani programu ndogondogo zinazoendeshwa kwenye kadi, zikiwemo zinazopaka rangi kila piseli (nukta ya picha). Ukiongeza kasi ya mchezo mmoja kwenye kadi mpya, unaweza kuharibu mwingine kwenye kadi ya zamani ambayo huna mezani.

Mesa, mradi wa draiva huria zinazotumika sana kwenye Linux, ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993, una utaratibu unaofaa kuigwa. Kabla badiliko halijapokelewa, hujaribiwa kwenye mashine halisi zenye kadi za aina mbalimbali. Kadi inaweza kuganda kabisa katikati ya jaribio, kwa hiyo maabara lazima iweze kukata na kurudisha umeme wa kila mashine kutoka mbali. Majaribio mengi hutoka dEQP, mkusanyiko wa majaribio ya draiva za michoro, kazi ya kampuni ya Kifini drawElements, iliyonunuliwa na Google mwaka 2014.

Draiva nyingi hazifaulu majaribio yote, na hapo ndipo penye busara ya utaratibu huu. Kila draiva huwa na orodha ya majaribio yanayojulikana kufeli, na matokeo hulinganishwa na orodha hiyo. Jaribio lililozoea kufeli likianza kufaulu, badiliko nalo husimamishwa mpaka orodha isahihishwe. Bila ukali huo orodha huchakaa, na kosa likirudi baadaye hakuna atakayeliona. Ipo pia orodha ya majaribio ambayo mara hufaulu, mara hufeli. Hiyo iogopwe: mara nyingi nyuma ya jaribio kigeugeu kuna kosa la kweli, kwa mfano kadi kusoma data kabla haijamaliza kuandikwa.

Picha za kadi mbili tofauti hazilinganishwi piseli kwa piseli, kwa kuwa viwango rasmi vya michoro vinaruhusu tofauti ndogo za hesabu. Picha hulinganishwa na ile iliyochorwa awali kwenye kadi ya aina hiyohiyo.

Kosa likipenya, hutafutwa kwa git bisect, amri ya Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), inayogawa historia ya msimbo nusu kwa nusu: mabadiliko 1,000 huhitaji majaribio kama 10 tu. Ila kila badiliko liwe dogo na lijengeke peke yake. Ukichanganya usafishaji wa msimbo, nyongeza ya kasi na marekebisho ya kosa mahali pamoja, utafutaji utakufikisha kwenye badiliko hilo na bado hutajua sehemu ipi ndiyo mbovu.

Badiliko lenye kosa likishajulikana, andika kwanza jaribio dogo la kosa hilo. Lifeli kwenye msimbo mbovu, ndipo urekebishe.