Jigi ya ruta ya kusawazisha ukingo wa mbao kwenye plaiwudi

Ukingo wa mbao ukishabandikwa kwenye ubavu wa plaiwudi yenye vinia (tabaka jembamba la mbao nzuri usoni), kinachobaki kimechomoza juu ya uso ni nusu milimita hadi milimita moja tu. Randa inaweza kukiondoa, lakini vinia nyingi za siku hizi ni nyembamba kuliko milimita moja. Randa ikipita mara moja zaidi, tayari umetokeza mbao ya chini. Kusimamisha ruta (mashine ya mkono ya kuchonga mbao) juu ya ubavu wa milimita 18 na kutumia biti (kisu chake kinachozunguka) yenye beringi nako kunayumbisha. Mimi napendelea jigi (kiunzi cha kuongozea ruta) inayolala bapa juu ya ubao wenyewe.

Kata plaiwudi ya mm 12, upana 150 na urefu 330. Chini yake gundisha kipande cha mm 9 chenye upana uleule na urefu wa 220, kikianzia mwisho mmoja. Huo ndio mguu. Usiufanye mnene zaidi, maana biti italazimika kuchomoza mno na shingo yake itabaki kidogo ndani ya koleti (kishikio cha biti kwenye ruta). Toboa tundu la mm 35 kwenye sehemu isiyo na mguu, kitovu chake kikiwa mm 40 kutoka ukingoni mwa mguu. Fungua sahani ya plastiki ya ruta, itumie kuweka alama za skrubu, na zamisha vichwa vya skrubu. Upande wa nje wa biti funga kipande cha mbao kilichochongwa pengo la kupitisha biti. Hiki kitateleza kwenye uso wa nje wa ukingo. Ukingo ukiwa wa mm 8, biti itokeze mm 9 mbele ya kipande hiki, isizidi. Kwa kuwa kinaning'inia chini ya mguu, ubao lazima utokeze nje ya meza.

Biti iwe nyoofu, ya mm 19, yenye makali hadi chini. Ingiza shingo yake yote kwenye koleti, irudishe kidogo, ndipo ukaze. Ikigusa kitako cha koleti huweza kulegea na kushuka polepole, nawe utagundua vinia imeshachimbika. Kina ndicho cha kuhangaikia hasa: weka jigi juu ya ubao, tandika karatasi ya kawaida chini ya biti tu, shusha biti hadi ikwaruze karatasi, kisha funga. Unene wa takriban mm 0.1 utakaobaki umalize kwa skrepa (bati la kukwangulia mbao) na msasa namba 180.

Gundi iliyofurika ikwangue kwanza. Tone moja kavu chini ya mguu huinua biti na kuacha kijilima, na maranda hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo fagia kila unapopita. Mkono mmoja ukandamize mkia wa mguu, kwani ruta iko nje ya mguu na itainamia biti ukiiachia.

Ukiwa umekabili ukingo, sukuma kutoka kushoto kwenda kulia. Nyuzi zikianza kung'oka kuelekea nje, pita kinyume kwa unene mdogo sana: meno yataingia kutoka nje na kuzisukuma kuelekea ubao. Shika kwa nguvu hapo, ruta itataka kukimbia. Kwenye pembe, simama kabla nusu ya mguu haijatoka nje ya ubao.